Habari ya Kuchagua Redio ya Masafa Mafupi kwa Kusikiliza Nyumbani

Tumeulizwa mara nyingi na wasomaji wetu, hasa wazee na wainjilisti wakaao mbali na mji, ni redio ipi ifaayo kununuliwa na mtu atakaye kusikia vituo vya mbali kwa masafa mafupi. Tulikawia kujibu, maana hatukutaka kunena kwa kusikia tu. Mwezi huu twaleta jibu, nalo limetoka katika majaribio tuliyoyafanya wenyewe huko Kijenge, nyumbani kwa mzee mmoja ambaye redio yake mpya ilimsumbua.

Mzee huyo aliuza mahindi yake, akaenda mjini, akanunua redio kubwa yenye kung'aa. Usoni pake paliandikwa ya kuwa ina bendi 12. Ilikuwa na taa, na spika mbili, na mahali pa kutia kadi ya nyimbo. Alipofika nyumbani akaifungua saa mbili za usiku, akasikia mvumo tu, kama mvua inyeshayo juu ya bati. Akageuza kifundo toka mwanzo hata mwisho, wala mvumo haukukoma. Siku ya tatu akaja kwetu akasema, "Nimeibiwa. Nataka kununua nyingine, niambieni ipi." Tulimsihi asitoe fedha tena mpaka tuitazame ile ya kwanza pamoja naye. Akakubali, nasi twafurahi kwamba alikubali, maana kosa halikuwa lote katika redio.

Lakini kabla ya kueleza tuliyoyaona, yapasa msomaji ajiulize: Je, mimi nayahitaji masafa mafupi?

Zamani swali hili lisingeulizwa. Tarehe 26 Februari 1963 kituo cha Redio Sauti ya Injili kilifunguliwa Addis Ababa na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kikiwa na mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja wa kilowati 100. Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa papa hapa jirani, Moshi, kanda zikapelekwa Ethiopia, kisha sauti ikarudi kwetu kwa njia ya anga, mwendo wa zaidi ya kilometa 1300. Hivyo mtu wa Meru aliyetaka kumsikia mhubiri wa Moshi alimsikia kutoka Addis Ababa! Kazi ile ilikoma tarehe 12 Machi 1977, serikali ya Ethiopia ilipokitwaa kituo. Studio ya Moshi ilibaki, na sasa Sauti ya Injili hutangaza kwa FM. Tena BBC ilianza Kiswahili mwaka 1957, na Sauti ya Ujerumani mwaka 1963, navyo vyote vilisikika kwa masafa mafupi katika nyumba nyingi za huku.

Siku hizi mambo yamebadilika. Vituo vingi vimeyaacha masafa mafupi au vimeyapunguza, vikitumia FM na simu. Sauti ya Amerika ilisimamishwa mwezi wa Machi 2025. Kwa hiyo asije mtu akanunua redio kwa kukumbuka vituo alivyosikia baba yake. Aandike kwanza vituo anavyovitaka, akaulize kama vingaliko hewani na kwa saa gani. Ajue pia ya kuwa vituo hivi hubadili masafa yao mara mbili kila mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba; orodha ya mwaka jana haifai kitu.

Hata hivyo hatusemi kwamba chombo hiki kimekuwa bure. Mwezi wa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waliozoea kupata habari kwa simu walibaki na simu kimya mkononi. Masafa mafupi hayahitaji vocha wala mnara wa hapa nchini, na sauti yake hutoka mbali hata ng'ambo ya bahari. Kwa mwinjilisti aliye nyuma ya Mlima Meru, mahali ambapo FM ya mjini haifiki, huenda ikawa ndiyo sauti ya pekee aipatayo jioni.

Sababu yake ni hii. Mawimbi ya FM huenda mbele kama mwanga wa tochi, na mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4500 ukisimama katikati huyazuia. Mawimbi mafupi hupanda juu, kupita kilometa 100 na zaidi, yakakutana na tabaka la hewa lililopata nguvu ya umeme kwa jua, yakarudishwa chini mbali sana. Yakiruka hivyo, huziacha nchi za katikati. Ndiyo maana mtu wa Arusha aweza kusikia kituo cha Ulaya vizuri, akashindwa kusikia kituo kilicho mwendo wa siku moja kwa basi. Asimlaumu fundi.

Na kwa kuwa tabaka lile hulitegemea jua, mchana na usiku havilingani. Tangu magharibi hata alfajiri tafuta bendi za mita 49, 41 na 31, yaani kilohezi 5900 hata 6200, 7200 hata 7450, na 9400 hata 9900. Mchana na jioni mapema tafuta mita 25, 19 na 16, yaani 11600 hata 12100, 15100 hata 15800, na 17480 hata 17900. Ukitaka kugeuza kilohezi kuwa mita, gawanya 300,000 kwa hesabu ya kilohezi: 9600 itakupa mita 31 na kidogo. Jua lenyewe lina majira yake ya miaka 11 hivi. Kilele cha mwisho kilikuwa mwaka 2024, na kila lipungukapo nguvu, bendi za juu hufifia na zile za chini ndizo za kutegemewa. Kwa hiyo redio isiyo na mita 49 na 41 tusiinunue, hata ikiwa na uzuri gani.

Sasa turudi Kijenge.

Tulifika kwa mzee jioni, tukatia betri mpya (zile ambazo wengine huziita mawe) tukauondoa kabisa waya wa umeme wa redio. Mvumo ulikuwapo bado. Ndipo tukamwomba ruhusa kuzima swichi kuu ya nyumba. Watoto wakapiga kelele kwa sababu ya televisheni. Lakini mvumo ukashuka mara moja, kama mtu aliyefunga mlango wa kinu cha kusaga. Tukawasha kitu kimoja kimoja. Taa ya sebuleni, ya LED ya bei rahisi, ilirudisha nusu ya mvumo. Chaja ya simu iliyo karibu na kitanda ikarudisha iliyobaki. Tena ile chaja ya redio yenyewe, iliyouzwa pamoja nayo katika sanduku moja, ilikuwa mbaya kuliko zote! Twaomba kila msomaji mwenye redio isiyosikika ajaribu jambo hili kabla ya kufikiri kununua nyingine. Halina gharama.

Wakaao vijijini pasipo nguzo za umeme wana heri katika jambo hili, ila wenye sola wajue ya kuwa kile kisanduku kinachoongoza umeme kati ya sola na betri nacho huvuma mara nyingi. Mjini Arusha nyumba zimesongamana, na taa ya jirani nayo hufika kwako. Tulipoichukua redio ya mzee hata mwisho wa shamba lake, upande wa mtoni, ilisikia vituo sita ambavyo ndani ya nyumba havikuwapo.

Baada ya hayo tukaweka redio tatu juu ya meza moja pale migombani: ya mzee, na redio ndogo ya Tecsun PL-330, itengenezwayo China, ambayo haizidi kitabu cha nyimbo, na Sony ICF-SW7600GR iliyotumika miaka mingi na mwalimu mmoja, ambayo kampuni iliitoa mwaka 2001. Tulidhani tutaona tofauti kubwa katika ukali wa masikio, yaani ni ipi isikiayo kituo hafifu. Hatukuiona. Kituo hafifu kilichosikika katika moja kilisikika katika zote tatu, karibu sawasawa. Jambo hili lilitustaajabisha, nasi twaliandika ili msomaji asidanganyike na muuzaji asemaye, "Hii inavuta sana." Kuvuta, karibu kila redio huvuta.

Tofauti ilikuwa katika kutenga. Vituo vya masafa mafupi hupangwa kwa kuachana kilohezi 5 tu. Redio ya mzee ilipowekwa kwenye kituo kimoja ilileta na jirani yake, watu wawili wakinena pamoja kwa lugha mbili. Sony yaweza kuchagua upande mmoja tu wa kituo, wa juu au wa chini. Tulipochagua upande ulio mbali na jirani, yule wa pili alinyamaza, ingawa sauti ya wa kwanza ilipungua utamu kidogo. Tecsun ina njia kadhaa za kuchagua, pana na nyembamba. Hilo ndilo jambo la kwanza tulitafutalo sisi katika redio, mbele ya yote.

La pili ni vivuli. Redio za hali ya chini hukibadili kituo mara moja tu ndani yake, hata kilohezi 455, kabla ya kutoa sauti. Redio ya namna hiyo huonyesha kituo chenye nguvu mahali pawili: penye haki yake, na tena kilohezi 910 chini yake. Kituo cha 11700 chaonekana pia penye 10790, mahali ambapo hakipo kabisa! Mzee alikuwa amehesabu vituo kumi na vinne katika redio yake, nasi tukamwonyesha ya kuwa vitano vilikuwa vivuli. Alicheka sana. Redio zilizo bora hubadili mara mbili, nazo huandikwa hivyo katika karatasi ya maelezo yake. Kama karatasi haisemi, fanya hesabu hii mwenyewe dukani: tafuta kituo chenye nguvu, toa 910, uangalie.

La tatu, redio ya mzee ilikuwa na mshale tu, nao ulipita bendi nzima ya mita 31 kwa upana wa ukucha. Ukigusa kifundo, umekipoteza kituo. Isitoshe, kituo kilitembea chenyewe kadiri redio ilivyopata joto. Redio yenye tarakimu na vitufe vya kuandikia kilohezi ni msaada mkubwa, hasa kwa mzee ambaye macho yamepungua: aambiwapo 9600 aandika 9600, basi. Tena aweza kuhifadhi vituo vyake katika kumbukumbu ya redio, mjukuu akamwandikia orodha kwa maandishi makubwa.

Na zile bendi 12? Tulizihesabu. Moja ni FM, moja masafa ya kati, mbili ni za sauti ya televisheni ya zamani, ambayo ilianza kuzimwa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2012 na sasa haina kitu. Zilizosalia nane ni vipande vya masafa mafupi, na katikati ya kipande na kipande pana shimo. Redio ya bendi moja ya masafa mafupi iendayo mfululizo toka kilohezi 1711 hata 29999, kama ile PL-330, yashinda hizo nane. Wingi wa bendi usoni ni kama wingi wa vifungo kwenye koti.

Katika habari hii twapenda kukumbusha redio moja ya zamani. Mwaka 1949 huko Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini (ndiyo Zambia ya leo), mkuu wa habari aitwaye Harry Franklin alitafuta redio ambayo Mwafrika wa kijijini aweza kuinunua. Kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikaiunda. Mwili wake ulikuwa sufuria ya alumini iliyokosa mkono, kwa hiyo watu wakaiita redio ya sufuria. Iliuzwa paundi 5, na betri yake, iliyonunuliwa mbali, ilidumu saa 300 hivi. Haikuwa na pambo lolote. Ilishika masafa mafupi tu, nayo iliyashika vyema. Wazee wa Arusha nao hukumbuka redio za Philips zilizoungwa kiwandani papa hapa mjini, ambazo baadhi yake zingali zikilia makabatini. Fundi wa zamani alijua ya kuwa fedha yapasa kwenda ndani ya chombo, siyo usoni pake.

Mtaona ya kuwa hatukusema bado habari ya betri, nayo kwa watu wa shamba ndiyo hukumu. Redio kubwa yenye taa na spika mbili hula betri nne nene kwa muda mfupi, na mwenyewe huacha kusikiliza kwa sababu ya gharama, siyo kwa sababu ya redio. Chagua itumiayo betri zipatikanazo katika duka la karibu. Sony tuliyoitaja hutumia nne za aina ndogo ya AA, na Tecsun PL-660 vilevile. PL-330 hutumia betri ya BL-5C, ile ya simu ndogo za Nokia, nayo hupatikana kwa kila fundi simu. Tahadhari moja: usiisikilize redio ikiwa imo katika chaji, maana mvumo utarudi.

Kuna mambo mengine ambayo muuzaji atayasifu. Uwezo wa kusikia sauti ya upande mmoja, itumiwayo na watu wa redio za ridhaa na baadhi ya meli, haumhusu asikilizaye habari na nyimbo. Lakini chombo kile kinachokishika kituo kisiyumbe sauti inapofifia, kilichomo katika Sony hiyo na katika PL-660, kina faida ya kweli wakati wa usiku. Ukiweza kukipata, kipate. Redio ya dijitali ya masafa mafupi, sisi twaona bado ni gharama isiyo na malipo kwa nyumba ya kawaida.

Mtu akinunua iliyotumika, afungue kwanza mlango wa betri. Akikuta ute mweupe au wa kijani umezila bati za ndani, aiache. Ageuze kifundo cha sauti taratibu: kikikwaruza kidogo fundi atakisafisha, kikikata sauti kabisa ni taabu. Avute antena hata mwisho, aitikise. Kwa redio mpya, asome jina herufi kwa herufi, kwa kuwa ziko zenye majina ya kampuni kubwa yaliyogeuzwa herufi moja tu, na machoni pa mtu aliye katika haraka ni yaleyale. Dukani katikati ya mji hapana kituo kitakachosikika vizuri, kwa hiyo apatane na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ataijaribu nyumbani usiku mmoja na kuirudisha ikimshinda. Muuzaji akikataa, aende duka la pili.

Waya wa nje husaidia kuliko watu wadhanivyo. Mita 5 hata 10 za waya mwembamba wa kawaida, uliofungwa penye antena na kupelekwa dirishani hata kwenye mti ulio mbali na nguzo za umeme, zatosha. Usipitishe mita 10 kwa redio ndogo. Huvimbiwa, vituo vikachanganyika. Na wakati wa masika, wingu likijikusanya juu ya Meru, ondoa waya huo katika redio na uutupe nje ya dirisha kabla radi haijaanza, siyo baada ya kuisikia.

Mzee wetu wa Kijenge hajanunua redio ya pili. Ile chaja iliyokuja na redio ameiacha, ya simu huing'oa ukutani jioni, taa ya sebuleni amebadili, na waya wake umefika katika mparachichi. Katika mita 31 husikia vituo vitatu vizuri kila usiku, pamoja na kimoja ambacho bado huja na jirani yake. Baada ya mavuno atafikiri kama kituo hicho kimoja kinastahili gharama ya redio itengayo. Kwa sasa ameomba tumletee visikizi vya masikioni, kwa kuwa mama wa nyumba hulala mapema.